"Lakini hana homa": mwongozo kamili wa kumkagua mtoto mchanga nyumbani, siku 28 za kwanza

Ujumbe ninaoupata kuliko wote ni huu: "Mtoto ana wiki moja, tangu jana hanyonyi vizuri, analala tu, lakini hana homa. Nisubiri?" Usisubiri. Mpeleke kituoni sasa hivi, mengine utayasoma ukiwa kwenye benchi la foleni.

Dalili za hatari zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na manesi huzitaja siku ya kuruhusiwa. Bado watu wanakwama palepale, kwenye kusubiri homa. Wanamsoma mtoto wa siku 8 kama wanavyomsoma kaka yake wa miaka 3, ambaye akiugua anachemka, analia na kususa chakula. Mchanga akiugua anaweza kupoa na kunyamaza. Na huku kwetu Moshi na Arusha, kuanzia Juni hadi Agosti, mtoto wa baridi hamshangazi mtu. Tunasema ni hali ya hewa, tunamwongezea blanketi, tunafurahi kwamba leo kalala.

Kwa hiyo safari hii nakupa ukaguzi wa kufanya kwa mikono yako mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka afikishe siku 28. Ukishazoea hauzidi robo saa.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kipimajoto cha dijitali cha kuweka kwapani. Maduka mengi ya dawa wanacho. Vile vya kuelekezea paji la uso kama bastola viache, kwa mchanga vinapotosha. Cha kioo chenye zebaki nacho kiache, kikivunjika kitandani ni balaa jingine.
- Saa inayoonyesha sekunde. Simu inatosha.
- Sabuni, jagi, beseni, na kitambaa safi cha kukaushia mikono.
- Kanga mbili safi zilizokauka vizuri, kofia na soksi.
- Daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi, la sivyo kalamu itahamia sebuleni.
- Kadi ya mtoto na kadi yako ya ujauzito, zikae pamoja.
- Nauli iliyotengwa, na namba za madereva wawili waliokubali kutoka usiku. Kama unakaa Kibosho juu, Marangu au Ngaramtoni, hiki ni muhimu kuliko hata kipimajoto.

Kuna vitu vya kuondoa kabisa kwenye kabati la mtoto: antibiotiki ya maji iliyobaki ya mtoto mkubwa, panadol ya maji, dawa za chango, poda. Saa nane za usiku mtu aliyechoka hushawishika na kilicho karibu.

## Hatua ya 1: Jua mtoto kazaliwa na akiba gani

Hii unaifanya mara moja tu. Fungua kadi, tafuta wiki aliyozaliwa, uzito wake, na saa chupa ilipopasuka.

Mtoto hazaliwi bila kinga. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu yake, na sehemu kubwa huvuka katika miezi mitatu ya mwisho, hasa zile wiki za mwisho kabisa. Aliyetimiza miezi tisa huzaliwa akiwa na kiwango kinacholingana na cha mama, wakati mwingine kukizidi kidogo. Mtoto njiti wa wiki 30 ameondoka kabla ya kupewa sehemu kubwa ya akiba hiyo.

Tena anapewa kile tu ambacho mama anacho. Ukikamilisha sindano za pepopunda, naye anazaliwa amekingwa na pepopunda. Usipochoma, anatoka mikono mitupu. Na akiba yenyewe haikai: kila baada ya wiki tatu hivi, karibu nusu ya iliyobaki huwa imekwisha.

Weka alama kubwa kwenye daftari kama mtoto wako ana mojawapo ya haya:

- alizaliwa kabla ya wiki 37, au chini ya kilo 2.5
- chupa ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla hajatoka
- ulikuwa na homa wakati wa uchungu, au maji yalitoka yananuka
- alichelewa kulia, akasaidiwa kupumua

Huyu mkague mara nne kwa siku wiki nzima ya kwanza. Vimelea anavyovipata kwenye njia ya uzazi hujitokeza mapema, mara nyingi ndani ya saa 72. Ndiyo maana nesi anakataa usiondoke kabla ya saa 24 kutimia, hata kama wewe unajiona mzima na shemeji kashafika na gari.

## Hatua ya 2: Mikono, kila mkono

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kutoka kwenye jagi, kausha, ndipo umguse. Baba, bibi, na mama mdogo aliyetoka Himo na mtori wake, wote sheria ni moja.

Ngozi ya mchanga ni nyembamba na inachubuka kirahisi, utumbo wake ndiyo kwanza unapokea bakteria wa kwanza maishani, na chembe nyeupe zake za damu zina kasoro mbili. Zinachelewa kufika penye maambukizi, na akiba yake kwenye uboho ni ndogo. Mtu mzima akishambuliwa uboho wake humwaga chembe mpya kwa wingi. Mchanga akishambuliwa sana, stoo inaweza kukauka ndani ya muda mfupi. Hapo ndipo ugonjwa unapogeuka kutoka "anaonekana mchovu" asubuhi hadi hali mbaya jioni ya siku hiyohiyo.

Mwenye mafua asimkaribie. Mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu kabisa, kwa sababu kirusi kile kwa mtu mzima ni kero ya wiki moja, kwa mchanga kinaweza kufika kwenye ubongo na ini. Najua kumkatalia shangazi ni mtihani. Msingizie nesi: "Shangazi, nesi kasema mtoto asibusiwe mpaka afikishe mwezi." Nesi hatakasirika.

## Hatua ya 3: Hesabu pumzi akiwa bado amelala

Anza na pumzi kabla hujamgusa, maana ukimvua nguo atalia, na mtoto anayelia hahesabiki.

1. Sogea karibu na dirisha au washa taa. Pandisha nguo taratibu hadi uone tumbo na mbavu za chini.
2. Anzisha saa. Kila tumbo linapopanda ni moja.
3. Hesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne.

Sababu ya dakika nzima ni kwamba mchanga hapumui kwa mpangilio. Anakimbiza pumzi kadhaa, anatulia sekunde tano au hata kumi, anaanza tena. Ukibahatisha kipande cha kukimbiza utapata 80 upige yowe bure. Ukibahatisha kipande cha kutulia utapata 20 ulale usingizi wa uongo.

Ikifika 60 au zaidi, ngoja dakika chache, akitulia rudia. Ikiwa tena 60 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Andika namba zote mbili na saa, daktari atazitaka.

Ukiwa hapohapo, tazama sehemu ya chini ya kifua. Mtoto mzima, akivuta hewa, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mwenye shida, akivuta hewa, chini ya mbavu panabonyea ndani kwa nguvu, kila pumzi. Sikiliza pia: mguno mfupi kila anapotoa hewa ni mbaya. Kukoroma kwa pua iliyoziba kidogo ni kawaida. Akiacha kupumua sekunde 20, au akabadilika rangi kwenye ulimi na midomo, usimalizie ukaguzi. Ondokeni.

Tahadhari ya baridi, na hii naomba usiipite haraka. Usiweke jiko la mkaa chumbani kwa mtoto ili kumtia joto, hata kama moshi umeisha na mkaa umekuwa mwekundu. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na inaua familia nzima usingizini. Moshi wa kuni nao unawasha njia ya hewa na kuwafungulia vimelea mlango. Joto la uhakika liko kwenye hatua inayofuata.

Umefaulu ukiona: namba kati ya 30 na 59, mdomo na ulimi wa waridi, hakuna kubonyea. Andika.

## Hatua ya 4: Pima joto, na uogope pande zote mbili

Weka ncha ya kipimajoto katikati ya kwapa kavu, ishike ngozi kwa ngozi bila nguo katikati, bana mkono wake kwa kiganja chako mpaka kilie. Mgongo wa mkono kwenye paji la uso haupimi kitu. Mikono ya mtu aliyetoka kufua asubuhi ya Julai itamwona kila mtoto anachemka.

Hii hapa ndiyo sehemu inayowaponza watu. Homa si ugonjwa wenyewe, ni amri inayotolewa na mwili: chembe za kinga zikikutana na bakteria hutoa kemikali zinazouambia ubongo upandishe joto. Kwa mchanga amri hiyo ni dhaifu. Miezi tisa kinga yake ilikuwa imetulizwa makusudi, isije ikageukana na mwili wa mama aliyembeba, na baada ya kuzaliwa inabaki na upole huo kwa muda ili isipigane na kila bakteria mwema anayehamia tumboni. Maambukizi yanaweza kuenea kwenye damu na amri ya homa isitoke kabisa.

Halafu kuna suala la kuni. Mchanga hatetemeki akisikia baridi. Anachoma mafuta maalumu ya rangi ya kahawia yaliyoko kati ya mabega na kuzunguka figo. Akiwa na maambukizi, na hanyonyi, mafuta hayo yanakwisha na joto linashuka. Kwa hiyo mtoto wa baridi anaweza kuwa mtoto mgonjwa kuliko yule wa moto.

Soma namba hivi:

- 36.5 hadi 37.4: sawa.
- 37.5 na kuendelea: kama kafunikwa blanketi tatu na sweta, punguza nguo moja, ngoja dakika 15 hadi 30, pima tena. Haijashuka, nenda. Kama ana dalili nyingine yoyote, usingoje hizo dakika.
- 35.5 hadi 36.4: mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, jifunikeni kanga na blanketi juu, mnyonyeshe. Pima baada ya saa moja. Haijapanda, nenda.
- Chini ya 35.5: nenda sasa, akiwa kifuani hivyohivyo.

Kifua cha mtu ndicho hita bora ya mchanga, na cha baba kinafanya kazi vilevile. Chupa za maji ya moto zinaunguza.

Usimpe panadol. Ukishusha namba umefuta ushahidi ambao daktari angeutumia, na bakteria wako palepale.

## Hatua ya 5: Mvue nguo zote, mtazame kutoka juu hadi chini

Funga dirisha, kaa kwenye mwanga wa mchana, fanya upesi.

Kitovu. Kikavu, cheusi, kinachojikunja ni kizuri. Kwa kawaida hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Kidoa cha damu siku ya kudondoka si kitu. Unachotafuta ni wekundu uliotoka kwenye kitovu na kupanda kwenye ngozi ya tumbo, usaha, au harufu mbaya. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa pia: pamevimba, pana joto kuliko pembeni, na akiguswa analia? Mshipa wa kitovu siku za kwanza bado una njia kuelekea kwenye ini, ndiyo maana uchafu wa pale haubaki pale.

Usipake majivu, mate, mavi ya ng'ombe, mafuta wala dawa ya meno. Samadi na udongo ndiko mbegu za pepopunda zinakoishi, na pepopunda ya mchanga mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 14: mtoto aliyekuwa ananyonya vizuri anashindwa kufungua taya, kisha anakakamaa akiguswa tu. Bibi akija na majivu yake, usianzishe vita. Sema: "Shikamoo mama. Mama, wameniambia kitovu kiachwe kikavu, na keshokutwa wanakikagua. Wakikuta kitu nitagombezwa mimi." Mara nyingi bibi mwenyewe ndiye atakayekuwa mlinzi.

Kama kituo kilikupa dawa ya kitovu ya klorheksidini, paka kama ulivyoelekezwa na uiweke mbali na dawa ya macho. Kuna watoto walioumia macho kwa kupakwa hiyo kimakosa.

Ngozi. Madoa mekundu yenye vichwa vidogo vyeupe yanayohamahama siku za kwanza huwa ni kawaida, huisha yenyewe. Malengelenge yenye usaha, hasa mikunjo ya shingo, kwapa na kinena, yapelekwe kituoni. Yakiwa mengi, nenda leo hiihii.

Macho. Tongotongo kidogo asubuhi, safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kope zilizovimba zinazotoa usaha, hasa wiki ya kwanza, ni za leo. Maambukizi ya kisonono yanaharibu jicho haraka mno.

Manjano. Bonyeza kidole kwenye pua, paji la uso au fizi, achia, tazama rangi inayobaki. Ikianza siku ya pili au ya tatu, ikabaki usoni na kifuani, na mtoto ananyonya na yuko macho, mwonyeshe nesi kwenye hudhurio linalofuata. Ikionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au ikifika viganjani na kwenye nyayo, hiyo ni hospitali. Jua la asubuhi kwenye baraza si tiba yake. Linampoza mtoto na linakupotezea siku.

Utosi. Mshike wima akiwa ametulia. Ukiwa umetuna na kukaza, andika na nenda.

## Hatua ya 6: Mnyonyeshe huku unamtazama

Hiki ndicho kipimo chenye ukweli kuliko vyote. Kunyonya kunadai pumzi, nguvu, fahamu na koo vifanye kazi pamoja. Kitu kikianza kuharibika ndani, kunyonya huharibika mapema, mara nyingi kabla hata ya joto.

Mguse shavu kwa chuchu. Anageuka? Anafungua mdomo mpana? Anavuta, unaona taya linaenda na unasikia akimeza? Mtoto mzima hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kuanzia siku ya 5 hivi anakojoa nepi 6 au zaidi. Kama jana alinyonya mara 10 na leo mara 4, hiyo ni dalili, hata kama kila mara alionekana ameshiba.

Wakati huohuo pima uchangamfu. Akiwa mzito kuamka, badilisha nepi, mkune nyayo zake. Anapaswa kukunja mguu na kulalamika. Anayejongea pale tu anapotekenywa, au aliyelegea mikono ikining'inia, ni mgonjwa, hata kama majirani wanamsifu kwa upole.

Degedege la mchanga nalo halifanani na la mkubwa. Tazama macho yaliyoganda upande mmoja, kumumunya midomo bila kitu, miguu kama inaendesha baiskeli, au mkono unaoruka kwa mapigo sawa. Mshike huo mkono kwa upole. Mtetemo wa kawaida utakoma mkononi mwako, degedege litaendelea kupiga.

Kuhusu maziwa yenyewe: yale ya mwanzo, ya njano na mazito, usiyakamue ukamwaga. Yamejaa kingamwili za aina inayobaki kwenye utando wa koo na utumbo, inanasa vimelea kabla havijapenya. Na zinatengenezwa kwa ajili ya nyumba yako: bakteria unaokutana nao wewe ndio mwili wako unaowatengenezea kingamwili na kuzipeleka kwenye ziwa. Maji ya sukari hayana hilo, na maji ya bomba yanaweza kuja na vimelea vyake.

Umefaulu ukiona: ameachia ziwa mwenyewe, mikono imelegea kwa shibe, ziwa limepungua. Andika saa.

## Hatua ya 7: Amua, bila kikao

Dalili moja inatosha:

- hanyonyi, au kapunguza kunyonya ghafla
- pumzi 60 au zaidi mara mbili, mguno, au kifua kinabonyea
- joto 37.5 na kuendelea, au chini ya 35.5, au lililogoma kurekebika
- hajongei mpaka achokozwe
- degedege
- wekundu wa kitovu uliopanda kwenye ngozi, usaha, malengelenge mengi
- manjano ya siku ya kwanza, au ya viganja na nyayo
- anatapika kijani, au tumbo limevimba na kukaza

Nimeona familia zikikaa kikao hadi baba mkubwa apigiwe simu Dar es Salaam. Kubalianeni mapema, mtoto akiwa mzima: atakayeona dalili ndiye mwenye uamuzi, hata akiwa dada wa kazi.

Wapo watakaosema ni meno ya nailoni, au ni kimeo, wakujulishe kwa mtaalamu wa kuking'oa. Kumkata mchanga fizi au koo kwa chombo kisicho safi ni kumpandikizia maambukizi ya pili juu ya yale aliyonayo. Ondoka hapo na mtoto wako.

## Hatua ya 8: Safari

Mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, uso ukiwa wazi upande mmoja ili umwone akipumua. Kwenye bodaboda, mama akae nyuma ya dereva na mtu wa tatu asipande. Bajaji ni bora kama ipo, na ushushe turubai upande wa upepo. Akiweza kunyonya, mnyonyeshe njiani, maana sukari ya mchanga mgonjwa hushuka haraka.

Zahanati ikiwa karibu, anzia hapo. Wanaweza kumchoma dozi ya kwanza kabla ya kukupa rufaa, na saa moja mapema ina thamani. Kama ana degedege, hajitambui au anashindwa kupumua, na hospitali haiko mbali, nenda moja kwa moja: Mawenzi au KCMC kwa walio Moshi, Mount Meru kwa walio Arusha. Daladala usiku hazipo za kutegemea, kwa hiyo rudi kwenye zile namba mbili za madereva.

Mlangoni sema sentensi moja: "Mtoto ana siku 9, hanyonyi tangu asubuhi, pumzi 68, joto 35.2." Ukianza na "Nesi, mtoto wangu hajisikii vizuri" utaambiwa ukae foleni kama wengine.

## Hatua ya 9: Yatakayofanyika hospitalini

Watachukua damu, ikiwezekana waioteshe maabara wajue ni bakteria gani. Majibu ya kuotesha huchukua siku, kwa hiyo dawa zinaanza bila kuyasubiri, kwa kawaida ampisilini na jentamisini, kwa sindano. Usishangae akianza dawa kabla ya majibu. Wanafanya sahihi.

Kinachowakimbiza wazazi ni kutolewa maji ya mgongo. Wasiwasi wa kwamba mtoto atalemaa umeenea sana, nami nauelewa, ila sindano ile huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Kinachotafutwa ni homa ya uti wa mgongo, ambayo mchanga huipata kirahisi bakteria wakishaingia kwenye damu, na ambayo shingo yake haikakamai kama ya mtu mzima ili ikutangazie. Ikiwepo, dozi na siku za dawa hubadilika. Kukataa kipimo kunaweza kumaanisha kutibiwa nusu.

Uliza maswali matatu, uandike majibu: anapewa dawa gani, kwa siku ngapi, na dozi inayofuata ni saa ngapi. Endelea kukamua maziwa kila saa tatu hata kama hawezi kunyonya, wampe kwa mpira au kikombe.

Nafuu inaanza kuonekana kwenye kunyonya. Akianza kuvuta ziwa kwa nguvu na kuamka mwenyewe kudai, dawa inashika. Hapo ndipo kishawishi cha kuomba ruhusa ya kurudi nyumbani kinapokuja, maana gharama za kukaa mjini zinauma. Malizia sindano zote. Bakteria waliobaki watakutana na ile stoo ndogo ya chembe nyeupe, ambayo bado haijajazwa.

## Hatua ya 10: Mkirudi nyumbani

Endelea na ukaguzi, mara nne kwa siku kwa wiki ya kwanza baada ya kuruhusiwa, kisha mara mbili. Mhudhurie kliniki tarehe zilizoandikwa hata akiwa mzima. Apimwe uzito: kupungua hadi asilimia 10 siku za mwanzo kunatarajiwa, na afikapo wiki mbili hivi awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa.

Kama alilazwa kabla hajapata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio ya kuzaliwa, ulizia kabla hujatoka wodini. Zinasahaulika sana kwa watoto waliolazwa.

Wiki chache baada ya chanjo ya kifua kikuu, begani patatokea kiuvimbe, kitapasuka, kitatoa usaha kidogo na kuacha kovu. Wengi humkimbiza mtoto hospitali kwa hicho, baada ya kukaa siku tatu na mtoto asiyenyonya. Kiuvimbe hicho ni kinga ya mtoto ikifanya kazi. Usikikamue, usikipake dawa, usikifunge bandeji, mwogeshe kama kawaida. Kinachohitaji kuonwa ni tezi iliyovimba kwapani upande uleule, au kidonda kinachozidi kupanuka.